Siku kumi za Simba

Leo Jumapili, siku ya kumi. Simba amemaliza ugali na vichwa vya dagaa, akalisukuma bakuli kwa pua mpaka likagonga ukuta, kisha akanitazama kama mtu anayenidai. Nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, machozi yananilengalenga. Kwa mbwa! Babu yangu angenicheka mpaka akohoe.

Alhamisi ya wiki iliyopita, kabla ya saa moja asubuhi, alimng'ata mtoto wa jirani kwenye shavu la mguu. Binti wa darasa la tatu, anakwenda shule, begi mgongoni. Nilisikia kelele nikiwa bafuni. Nilipotoka watu walishajaa na wote wanauliza: mbwa wa nani?

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilinyamaza. Sekunde tano, labda kumi. Simba hana mkanda shingoni, na rangi yake ni ile ya udongo waliyo nayo mbwa karibu wote wa huku Nzuguni. Ningesema ni mbwa koko tu, na nani angebisha? Mama wa mtoto ndiye aliyenigeukia: "Jirani, si huyu analala kwako?"

Hakusema "ni wako". Alisema analala kwako. Neno hilo nimekaa nalo siku zote kumi, kwa sababu ndivyo ilivyo hasa. Nilimleta nilipoanza kujenga, miaka ile baada ya 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na kila mwenye akiba akatafuta kiwanja. Fundi aliniambia saruji na nondo hazilali peke yake, tafuta mbwa. Akaja kwenye boksi la sabuni, mwanangu akampa jina kubwa kuliko mwili wake. Nyumba ilipoisha, kazi ya Simba nayo ikaisha, ila hakuna aliyemwambia. Anakula kwangu, na ikifika saa nne usiku namfungulia geti "akatembee". Wengi mtaani tunafanya hivyo. Asubuhi tunakutana dukani tukilalamika kwamba mbwa wa mitaani wamezidi, wametawanya takataka.

Nirudi kwenye jeraha. Mmoja alikuja na mafuta ya taa, mwingine na chumvi. Bahati njema yupo mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyewafukuza wote. Alitaka sabuni na maji ya bomba, akashika saa: dakika 15, mtoto analia, yeye anaosha tu. Baadaye alinieleza kwamba maji yanayotiririka na sabuni huondoa na kuua virusi vingi vya kichaa cha mbwa vilivyo kwenye kidonda kabla havijashika njia ya mishipa ya fahamu. Dalili zikishaanza, akasema, hata daktari hana la kufanya.

Hospitalini wakauliza mbwa alichanjwa lini. Nikasema alichanjwa. Lini? Nikatazama dari. Mara moja, alipokuwa mdogo, na kadi sijui ilipo. Basi mtoto akachomwa sindano ya kwanza siku hiyo, ya pili siku ya tatu, ya tatu siku ya saba. Fedha ya mlango wa jikoni yote imeishia huko, na sidai pole ya mtu.

Vijana walitaka kumuua Simba kwa marungu jioni ile ile. Afisa mifugo ndiye aliyewazuia: "Mkimuua leo, nani atatuambia alikuwa na nini?" Afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa tayari na virusi siku aliyong'ata, hafiki siku ya kumi akiwa mzima. Akifika salama, hakuambukiza.

Kwa hiyo nilihesabu. Siku ya nne hakugusa chakula, nikakosa usingizi, kumbe mwanangu alimpa wali wa harusini usiku. Nilikuwa namsogezea maji kila saa nione kama anayaogopa, mpaka afisa mifugo akacheka: kuogopa maji ni dalili ya binadamu, mzee, kwa mbwa angalia taya linalolegea, mate, sauti iliyobadilika, mwendo wa kuyumba. Usiku nikawa nasoma. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi Afrika na Asia. Na kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Nikapita nyumba kwa nyumba, nikijifanya naomba radhi, kumbe nahesabu. Mtaa wetu una mbwa 11. Wenye kadi ya chanjo ya mwaka huu ni wawili. Na kati ya hao 11 tunaowaita wa mitaani, 10 wana mlango wanakolia chakula.

Wa kumi na moja ni yule jike anayelala kwenye nyumba isiyoezekwa pale kona, ana watoto wanne. Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema mbwa alikuwa wa mlinzi. Nikampata mlinzi, siku hizi yuko Singida. Akasema mbwa ni wa bosi, yeye alimkuta.

Afisa mifugo amekuja leo baada ya misa, akamkagua Simba, akamchanja. Nikamwomba amchanje na yule jike. Nikamshika mwenyewe kwa kanga ya mke wangu, ametetemeka tu, hata hakunguruma. Akafungua kadi, akauliza aandike mwenye mbwa ni nani. Nikamwambia ni wa pale kwenye nyumba isiyoezekwa. Akaniangalia, kalamu hewani, hakuandika kitu, akanipa kadi nimalizie mwenyewe.

Ipo hapa mezani, nafasi ya jina bado nyeupe. Mke wangu ameshasema wanne wale hawaingii ndani. Fundi wa geti anakuja Jumanne. Binti amepita jioni akitumwa dukani, upande wa pili wa barabara, ameniamkia kwa mbali akaniuliza kama Simba amefungwa. Nikamjibu amefungwa. Amesimama kidogo kusikiliza mnyororo, ndipo akaendelea.