Nilipoachiwa Mbwa wa Jindo

Nilipokuwa nasoma Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, mama mwenye nyumba niliyopanga aliniomba nikalinde nyumba ya kaka yake kisiwani Jindo, kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa unakwenda harusini Busan na nyumbani angebaki mbwa peke yake, jike mweupe wa makamo. Tulipokuwa tukivuka daraja lililofunguliwa mwaka 1984, mama alinisimulia habari za Baekgu, mbwa wa kisiwa hicho aliyeuzwa katika mji wa Daejeon mwaka 1993, akatoroka na kurejea kwa bibi aliyemfuga awali baada ya miezi saba, umbali wa kilomita 300 hivi, akiwa amekonda vibaya. Yeye aliisimulia kwa fahari. Mimi, niliyekulia Tanga ambako mbwa hulala nje na hakuna amchanaye manyoya, niliisikia kama onyo kwa mtu anayekwenda kutunza mbwa wa mwenziwe.

Maagizo ya mzee, yule kaka yake mama, yalikuwa machache. Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, nao mbwa wa aina hii ya Jindo wana manyoya ya tabaka mbili, ambalo la ndani hupukutika kwa wingi mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo nimchane kila siku, lakini nisimwogeshe, maana hujilamba mwenyewe kama paka. Asitoke bila kamba. Chakula nimwekee, kisha niondoke.

Kwa kuwa niliingia nikiongozana na mwenyewe, mbwa hakunibwekea. Gari lilipoondoka aliketi akielekea langoni, masikio yamesimama wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, na chakula nilichomwekea hakukigusa hadi usiku wa manane. Wala hakuchafua ua: alijizuia mpaka nilipomtoa jioni kando ya mashamba ya vitunguu vya majani, ambako paa mdogo asiye na pembe alikurupuka mtaroni, naye, bila kutoa hata mlio mmoja, akafyatuka kwa nguvu iliyonichubua viganja. Hapo nilielewa kwa nini wenyeji waliwatumia kuwinda paa na nguruwe mwitu, na kwa nini ukuta wa mzee ulikuwa mrefu kuliko mimi.

Watu husifu utiifu wa mbwa hawa, ambao serikali huwalinda kama urithi wa taifa, lakini sidhani kama utiifu ndilo jambo lenyewe. Nilipomwambia akae, alikaa, nilipomchana, alivumilia, ila macho yake hayakunihesabu, na siku ya pili alikula kidogo tu, nikiwa nimeingia ndani na kufunga mlango.

Mzee aliporudi, bakuli lilimalizwa kabla hajavua viatu. Alipitisha vidole kwenye paja la mbwa, akang'oa fungu la manyoya yaliyokufa, mahali ambapo mbwa hakuwa ameniruhusu kugusa, akanikabidhi brashi nimalizie huku yeye mwenyewe amemshika kichwa.