Mtaro wa Mtaa Wetu Malindi: Jinsi Tulivyouingiza Kwenye Bajeti ya Kaunti

Masika yakishika Malindi, Aprili na Mei, kila mtu hukumbuka mtaro. Mwakilishi wadi hupigiwa simu usiku, picha za maji sebuleni huzunguka kwenye WhatsApp, na barazani hakukaliki. Lakini wakati huo bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai huwa iko ukingoni. Makadirio lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mswada wa matumizi upitishwe kufikia 30 Juni. Yaliyomo ndani yalianza kupangwa Agosti ya mwaka uliotangulia, ardhi ikiwa kavu. Mtaro wetu, mita zipatazo 300 nyuma ya barabara kuu, uliingia kwa sababu tuliuombea wakati wa vumbi.

Hesabu hii ya miezi ndiyo huwaponyoka wengi. Chukua mafuriko ya Mei 2025. Nafasi ya kwanza ya kuyaandikia ni mpango unaowasilishwa Septemba 2025, nao ni wa mwaka wa fedha wa 2026/27. Maana yake masika ya 2026 yatawakuta vilevile, na jembe la kwanza, mambo yakienda vizuri, litagonga baada ya Julai 2026. Wakazi waambiwe hivyo mapema, la sivyo kamati ya mtaa itaonekana imelala.

Kabla ya barua yoyote, jueni kazi ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, linaipa kaunti usimamizi wa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Barabara kuu ya Mombasa–Malindi ni ya serikali ya kitaifa, chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, pamoja na mitaro iliyo ndani ya hifadhi yake. Maji yetu huvuka barabara hiyo kuelekea baharini, kwa hiyo barua zilikuwa mbili: kaunti kwa mtaro, KeNHA kwa kalvati na ruhusa ya kuchimba. Ukiandika moja tu, kila upande utasema hiyo ni kazi ya mwenzake, na kila mmoja atakuwa amesema nusu ya kweli.

Wengi huanzia kwa mbunge. Fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ni za kazi za serikali ya kitaifa, hasa madarasa, basari na usalama. Mtaro wa kaunti haumo. Chifu naye yuko chini ya naibu kamishna wa kaunti, ambaye licha ya jina hilo ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Chifu ataita watu vizuri kuliko yeyote, lakini hana fungu la mitaro. Wa kaunti ni msimamizi wa wadi, na ndiye wa kupewa nakala ya kwanza. Wakazi wa makamo bado husema "twendeni manispaa" wakifikiria lile baraza la zamani lenye madiwani na meya. Manispaa ya leo ina bodi na meneja chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti. Kwa bahati nzuri bunge la Kilifi hukaa hapa hapa Malindi, ingawa makao ya gavana yako Kilifi mjini. Kumfikia karani wa bunge ni nauli ya tuktuk. (Wazee huita haya yote majimbo, wakikumbuka 1963 na Ronald Ngala aliyeyatetea. Majimbo yale hayakufika mbali, Katiba ya leo haitumii neno hilo, na bunge la jimbo la wakati ule halikujadili mita 300 za mtaro wa mtu.)

Karatasi iliyobeba uzito ni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ofisini wanauita ADP. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwasilishwe bungeni kufikia 1 Septemba. Sisi tulipeleka ombi Julai, wakati idara bado zinakusanya orodha. Lilikuwa ukurasa mmoja na viambatisho, na hapa ndipo muda mwingi unastahili kwenda.

Ombi linalosema "tunaomba mitaro Malindi" huishia kwenye mstari wa jumla wa "uboreshaji wa mitaro, mji wa Malindi", na mstari huo unaweza kuchimbwa popote. Tuliandika jina la wadi, sehemu mtaro unapoanzia na unapoishia, urefu, upana tunaoutaka, idadi ya nyumba zinazoingiwa na maji, na mahali maji yatakapomwagwa. Hilo la mwisho ndilo huua miradi mingi: mtaro usio na pa kumwagia huhamisha mafuriko kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine, na mhandisi akiliona hilo anaweka faili kando. Fundi wetu alipima mteremko kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kuta kwa kuta hadi mwisho. Kwa mteremko wa 1 kwa 200, mita 300 zinahitaji tofauti ya kimo ya mita moja na nusu. Mkipata chini sana ya hapo, mchanga utatuama ndani na kujaza mtaro.

Tulichimba pia mashimo machache ya majaribio. Ardhi ya Malindi hudanganya: juu mchanga, chini mwamba wa matumbawe. Kuchimba mwamba kuna bei yake kwenye BQ, ile orodha ya vipimo vya kazi na bei zake, na kama haukuhesabiwa, mkandarasi atadai nyongeza katikati ya kazi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hairuhusu nyongeza zote kwa jumla kupita asilimia 25 ya bei ya mkataba, kwa hiyo zikiisha kazi husimama, na mtaro nusu ni mbaya kuliko kukosa mtaro.

Kiambatisho kingine kilikuwa ramani ya njia pamoja na ridhaa za maandishi za wenye viwanja viwili ambavyo mtaro ungegusa ukingo wake. Bila hizo, mwenye kiwanja mmoja anaweza kwenda mahakamani, na fedha zikakaa hadi mwaka wa fedha ukafungwa. Picha zetu zilikuwa za Mei, zenye tarehe. Mwisho tulitaja ukurasa wa CIDP ya 2023–2027, mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, unaogusa mitaro ya mijini, kwa sababu ombi lisilo na mzizi kwenye mpango huo ni rahisi kukataliwa.

Kila nakala ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Hilo nalisisitiza mno.

Baada ya Septemba kuna ukimya, kisha unakuja Waraka wa Mkakati wa Fedha, CFSP, unaofika bungeni kufikia 28 Februari. Bunge lina siku 14 tu kuujadili. Hauna majina ya mitaro. Una kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara. Watu huupuuza kwa sababu hiyo, na hapo ndipo mitaro hufa kimyakimya: kiwango cha idara kikishuka, Aprili hakuna pa kuuweka mradi hata kila mtu akiupenda. Tulikwenda mbele ya kamati ya bajeti na hoja moja tu, kwamba fungu la maendeleo la idara lisipunguzwe. Tulikumbusha kuwa sheria inadai maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti katika muda wa kati.

Aprili kazi ni ya macho. Omba kiambatisho cha orodha ya miradi, maana kitabu kikuu huonyesha programu tu, kisha tafuta jina la mtaro na kiasi chake. Ukinyimwa waraka, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 kujibu. Gharama unayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala. Ikikataa, unaomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi huiita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Kupitishwa Juni si mwisho. Fedha za kaunti hutoka kwenye Mfuko wa Mapato kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na mgao kutoka Nairobi ukichelewa, mishahara hutangulia na mitaro husubiri. Halafu kuna bajeti ya ziada, ambayo huja katikati ya mwaka na inaweza kuhamisha fungu lenu bila kelele. Hadi 30 Juni nyingine, fedha zisizotumika huisha muda wake na lazima zipigiwe kura upya. Kwa hiyo kuanzia Julai tulikuwa tukiuliza swali moja tu kwa afisa mkuu wa idara: je, mtaro umo kwenye mpango wa ununuzi, na zabuni inatangazwa lini? Zabuni huonekana kwenye tenders.go.ke. Baada ya mshindi kutangazwa kuna siku 14 kabla mkataba kutiwa saini, nafasi ya walioshindwa kulalamika. Msidhani ni uzembe.

Kazi ilipoanza tulidai nakala ya BQ na kumkabidhi fundi wetu ule mpira wake wa maji, apime mteremko kabla zege halijamwagwa. Zege likishakauka malalamiko ni ya bure.

Lililobaki ni usafishaji. Kuzibua mtaro hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, si ya maendeleo, kwa hiyo ombi lake ni barua nyingine kwa manispaa, na nayo hupelekwa Julai.