Punje, si unga: nilivyopata vifaranga watupu wa kishingo

Mteja wangu mkubwa ana hoteli mjini Kisumu, na ombi lake lilikuwa moja: nimpelekee kishingo. Kuku wa shingo wazi ana manyoya machache, hunyonyoka upesi, na mpishi hamalizi asubuhi yake ameinamia karai la maji moto. Mimi pia nilikuwa na sababu yangu. Naishi Ahero, kwenye tambarare ya Kano, na jua la Januari na Februari huku ni kali. Ikifika saa nane mchana, kuku wenye manyoya mengi hujibanza chini ya mwembe, midomo wazi, mabawa wameyaachia, na chakula hawakigusi. Kishingo wakati huo anaendelea kuparura. Ngozi yake ya shingo iko wazi, joto la mwili linapata pa kutokea.

Nikanunua jogoo wa kishingo sokoni. Mwekundu, miguu minene, shingo imeiva kwa jua kama pilipili. Nikamwachia mitetea yangu ya kawaida, mmoja akaatamia. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 10: sita shingo wazi, wanne wana manyoya. Sikushtuka, kwa sababu mama yao hakuwa kishingo. Nikarudi sokoni nikaleta mitetea miwili ya kishingo, nikawatenga na yule jogoo peke yao. Sasa baba kishingo, mama kishingo. Wakatoka vifaranga 12, na watatu kati yao shingo zimejaa manyoya kana kwamba hawajawahi kuwa na uhusiano wowote na wazazi wao.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema mtetea akitaga huku anamtazama kuku mwingine, kifaranga hufuata alichokiona. Mama mkwe wangu alikuwa na hakika zaidi. "Mwanangu, huyo jogoo wa ng'ambo ya ua anaruka usiku. Hao watatu ni wake." Nikazungushia banda wavu mpya, fedha ambazo ningenunulia chakula. Nikaanza hata kumwazia vibaya mama aliyeniuzia mitetea, kwamba aliniuzia kuku wa damu iliyochanganywa.

Neno hilo, damu iliyochanganywa, ndilo lililonipoteza. Kichwani mwangu urithi ulikuwa kama unga wa ugali wetu: unasaga mahindi na mtama pamoja, na ukishasaga huwezi tena kutenganisha. Kwa hiyo nilidhani kishingo akizaa na kishingo, unga ni mmoja, hakuna lingine linaloweza kutoka.

Aliyenitoa hapo ni mtoto wa dada yangu, aliyekuja kwetu likizo akiwa kidato cha nne. Nilikuwa nalalamika jikoni, naye akasema, "Mama mdogo, hilo jambo tumelisoma muhula uliopita. Nipe mikebe miwili."

Nikampa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ya Kasuku. Akaweka katika kila mkebe punje moja ya mahindi meupe na punje moja ya maharagwe mekundu. Mkebe wa kwanza ni jogoo, wa pili ni mtetea. Kila kuku, akasema, ana jeni mbili, yaani vibeba urithi, zinazohusu manyoya ya shingo, moja ameipata kwa baba na moja kwa mama. Haragwe ni ile inayoacha shingo wazi, hindi ni ile ya manyoya. Jogoo hatoi zote mbili kwa kifaranga mmoja. Hutoa moja tu, na haichagui. Mtetea vivyo hivyo. Hizo mbili zikikutana ndani ya yai, tayari una kifaranga.

"Fumba macho, uchukue punje moja kila mkebe, uandike, uzirudishe."

Tulifanya mara 40 mezani, binti yangu mdogo akiandika kwenye daftari la hesabu. Mara 9 yalitoka maharagwe mawili. Mara 21 haragwe na hindi. Mara 10 mahindi mawili. Nilizikodolea macho zile mara 10. Wazazi wote wawili walikuwa na haragwe, wote wawili wangeonekana kishingo, na bado karibu robo ya watoto walitoka mahindi matupu. Jogoo wa jirani hakuwa na hatia.

Basi urithi ni punje. Punje zinawekwa pamoja kwenye mkebe mmoja lakini hazisagwi, na kila kizazi zinatolewa nzima nzima kama zilivyoingia. Hindi linaweza kukaa ndani ya kuku wa kishingo kizazi baada ya kizazi bila kuharibika, mpaka siku litakapokutana na hindi mwenzake.

Kijana alinionyesha katika kitabu chake habari za mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, katika nchi ambayo leo ni Cheki, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alizalisha njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kikatoa zambarau, ungesema weupe umekufa. Kizazi cha pili akahesabu mimea 705 ya zambarau na 224 ya meupe, karibu tatu kwa moja. Watu hawakumsikiliza mpaka mwaka 1900, na yeye alikuwa ameshafariki tangu 1884. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson akaonyesha kwamba kuku nao hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuchunguza panga za vichwani mwao. Jambo hilo lilinigusa sana. Zaidi ya miaka 100 watu wamejua jibu la swali langu, na mimi nilikuwa nanunua wavu.

Lakini kitabu kilisema sifa moja hutawala na nyingine hujificha, na mwenye jeni mbili za kutawala huwezi kumtofautisha kwa macho na mwenye moja. Hapo nikabisha, maana kuku wangu nawajua. Wale tisa wa shingo wazi hawakufanana. Nikatoka na kijana mpaka bandani, nikamkamata mmoja, nikamwinua kidevu. Mbele ya shingo, juu kidogo ya kile kifuko cha chakula, palikuwa na kishada cha manyoya, kipana kama vidole viwili, mithili ya tai ndogo ya kuvaa shingoni. Nikamkamata wa pili: kishada. Wa tatu: hakuna kitu, ngozi tupu kutoka taya mpaka kifuani, vinyoya viwili vitatu tu. Tulipomaliza, saba walikuwa na kishada na wawili hawana.

Kijana alinyamaza, akapiga hesabu kwa vidole. Kisha akacheka kwa furaha. Kumbe wamefundishwa pia kuhusu maua mekundu na meupe yanayozaa maua ya rangi ya waridi, pale ambapo hakuna jeni inayoifunika nyingine kabisa. Jeni ya kishingo ni ya namna hiyo. Mwenye haragwe mawili shingo yake ni tupu. Mwenye haragwe na hindi, hindi linajionyesha kwa kile kishada. Sikuhitaji maabara. Nilihitaji kumwinua kuku kidevu.

Tukamkamata baba mwenyewe, jogoo wangu wa sokoni. Kishada hicho hapo. Mitetea miwili, vishada pia. Nilikuwa nimewatazama miezi yote ile kwa mbali, nikaona shingo nyekundu, nikaridhika.

Kijana alieleza jambo lingine siku hiyo, ambalo nalitaja ingawa halihusu kishingo. Mama mkwe aliuliza kama jogoo ndiye anayeamua idadi ya majogoo na mitetea. Akajibiwa, "La, nyanya, kwa kuku mtetea ndiye anayebeba tofauti hiyo. Kwa binadamu ndiyo huwa baba." Nina mabinti watatu. Katika miaka 14 ya ndoa nimeyasikia ya kusikia, mengine ndani ya nyumba hiyohiyo, na mengine yaliniliza usiku. Mama mkwe hakusema neno. Kesho yake asubuhi alimwita kijana akamwomba amchoree tena vizuri, ile ya watu.

Baada ya hapo mpango ulikuwa wazi. Kati ya wale wawili wa shingo tupu, mmoja alikuwa jogoo. Mwenye maharagwe mawili hana hindi la kutoa, kwa hiyo hata nikimpa mitetea ya kawaida, kila kifaranga atapata haragwe moja kwake na atakuwa kishingo wa kishada. Hilo lilinifaa kuliko kutafuta banda zima la shingo tupu. Mitetea yangu ya zamani hutaga vizuri na hulea vizuri, sikuwa tayari kuiondoa kwa ajili ya shingo. Mteja naye anataka shingo wazi, kishada hakimsumbui.

Nikamlea yule jogoo karibu miezi sita. Nikamuuza baba yake, aliyekuwa amerudi kwa mitetea ya kawaida, siku ya Jumatatu, nikamwingiza mwana siku hiyohiyo kwa mitetea hiyo, na kuanzia Ijumaa nikaanza kukusanya mayai. Yakaatamiwa. Wakatoka vifaranga tisa, watatu wana manyoya shingoni.

Siku hiyo niliumia. Nilidhani nimedanganywa na punje zangu. Nilikuwa nimeshamfunga jogoo miguu apelekwe sokoni, ndipo nikampigia kijana simu shuleni kwa mwalimu wake wa baiolojia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyezungumza nami, kwa upole, Mungu ambariki. Aliuliza swali moja tu: "Mama, jogoo wa zamani alitoka lini?" Nikamwambia. Akanieleza kwamba mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu hizo kwa wiki mbili hadi tatu baada ya jogoo kuondoka. Mayai yangu ya Ijumaa yalikuwa na baba wawili. Nikamfungua jogoo miguu.

Safari iliyofuata niliitenga mitetea bila jogoo yeyote kwa wiki tatu kamili. Mayai ya muda huo tulikula na kuuza. Kisha nikamrudisha, nikaacha wiki moja ipite, ndipo nikaanza kuandika tarehe kwa penseli kwenye kila yai. Mitetea mitatu ikaatamia kwa pamoja. Siku ya kuangua niliamka saa kumi alfajiri na tochi. Kifaranga wa kishingo unamtambua hata kabla hajakauka vizuri, ile shingo nyembamba ya ngozi tupu chini ya kichwa chenye manyoya. Nilihesabu 31. Nikarudia kuhesabu, nikimwinua mmoja mmoja. Wote 31.

Nina mawili ya kumwambia anayetaka kujaribu. Vifaranga hawa wanapoteza joto upesi kama wakubwa wao, na usiku wa mvua za Aprili hilo ni hatari. Mimi huwawekea jiko la makaa nje ya boksi lao na kuwafunika mapema kuliko wengine, nikiacha hewa ya kutosha ipite. La pili ni kubwa zaidi. Usimwache jogoo huyohuyo na binti zake. Kama hindi lilivyojificha ndani ya kishingo, ndivyo zinavyojificha jeni mbaya ndani ya kuku anayeonekana mzima, na ndugu wakizaana zinakutana: mayai hayaangui, vifaranga wanatoka dhaifu. Mimi hubadilishana jogoo na mama mmoja wa Katito kila mwaka, wake ni wa ukoo mwingine, na kabla hatujapeana tunakagua videvu.

Wala usitegemee kila kitu kiende kwa punje mbili. Shingo inatawaliwa na jeni moja, ndiyo maana iliwezekana. Uzito na idadi ya mayai vinatokana na jeni nyingi pamoja na chakula. Mitetea yangu ilipokosa omena kwenye chakula wakati bei ilipopanda, mayai yalipungua, na hakuna jogoo ambaye angelitengeneza hilo.

Siku hizi watu huja nyumbani kununua majogoo ya mbegu. Mama mkwe ndiye anayewapokea nisipokuwapo. Humkamata jogoo, humgeuza shingo kwenye mwanga, humwambia mnunuzi apapase kwa kidole pale mbele mpaka aridhike kwamba hakuna kishada. Kisha humuuliza kama jogoo wa zamani ameshaondoka, na kama bado, humwambia huyu abaki kwetu kwanza wiki tatu.