Baada ya Tarehe 12

Leo kijana mpya kazini kaniuliza kwa nini ripoti yetu ya usiku ina namba tatu, mistari iliyosomwa, iliyoingia na iliyokataliwa, wakati neno "Imefaulu" lingetosha. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa na mradi wa kuunganisha mauzo ya matawi yote. Kwenye kompyuta yangu mtiririko, ile programu ya kukusanya data za matawi, ulienda kama maji. Ijumaa jioni (msinicheke) nikaupandisha kwenye seva, nikaingiza mauzo ya mwaka mzima uliopita. Barua pepe ikaja: Imefaulu. Nikalala.

Jumatatu, kikaoni, grafu ya mauzo kwa siku za mwezi ikawashwa ukutani. Nguzo 12 ndefu, halafu vijiti vifupi mpaka 31. Nilidhani mtu atashtuka. Mkuu wa mauzo akatikisa kichwa taratibu: "Mishahara inawaishia mapema." Mwingine akadakia, basi punguzo la bei lihamie katikati ya mwezi. Kalamu zikaanza kuandika. Nami niliyeichora nikaitikia, maana maelezo yalikuwa matamu.

Dada wa uhasibu ndiye aliyefungua daftari lake. Akapitisha kidole kwenye ukurasa, kikasimama. "Tarehe 20 Aprili nilipokea pesa za matawi manne kwa mkono wangu. Mbona hapo naona mawili?"

Kimya. Nikasikia feni ya projekta.

Seva ilikuwa inasoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele. 05/04, yaani Aprili 5 kwa matawi yetu, ikageuka Mei 4 bila kelele. 20/04 haikusomeka, kwa kuwa hakuna mwezi wa 20, ikatupwa kwenye faili la makosa nililolitengeneza mwenyewe na sikuwahi kulifungua. Matawi mawili yaliyoandika mwaka mbele ndiyo yaliyopona. Kwa mengine, kati ya siku 365 zilipenya 144, na zilizokaa mahali pake ni 12 tu, zile ambazo siku na mwezi ni namba moja.

Kurekebisha kulichukua dakika chache: mwaka mbele kwa wote, kama ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, inavyotaka, na hizo namba tatu. Iliyoingia na iliyokataliwa zisipojumlika kuwa iliyosomwa, mtiririko unasimama.

Kijana kasikiliza mpaka mwisho. "Sasa kaka, asubuhi nani huwa anazisoma?"

Nikamwambia nina kikao. Nilipofungua barua pepe, ripoti za wiki nzima zilikuwa bado zimekoza wino, hazijaguswa.