Kabla hujalipa ploti, nenda na mtarimbo

Futi mbili. Hapo ndipo sururu ilipogonga jiwe tulipoanza kuchimba shimo la choo kwenye ploti yangu, kusini mwa mji wa Malindi, mahali ambapo usiku bahari unaisikia. Ilikuwa Februari, juu pamekauka, udongo mwekundu laini, utadhani chochote kitaota. Nilikuwa nimeshalipa. Hati niliikagua, mipaka nilipimiwa, hata tabia za mwenye kuuza niliwauliza majirani. Kuhusu udongo sikumuuliza mtu. Fundi akaweka sururu chini, akachukua mtarimbo, akaniambia, "Mama, kuanzia hapa hatuchimbi tena, tunavunja." Na bei ya futi ikawa nyingine.

Lile ni jiwe la matumbawe, na kwenye msingi sina ugomvi nalo. Nyumba za kale za mwambao huu zimejengwa kwa mawe hayohayo na chokaa iliyotokana nayo, na kuta zangu hazijafanya ufa. Shida yake ni maji. Mchanga huchuja, maji machafu yakipita humo polepole huacha uchafu mwingi njiani. Matumbawe yamejaa vitundu na nyufa, na ufa mmoja ukiungana na mwingine, kilichomo karoni kwako kinateremka mpaka kwenye maji ya visima bila kuchujwa. Bibi jirani yangu kisima chake kiko hatua 20 kutoka tulipokuwa tunavunja. Alikuja akasimama ukingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachungulia shimo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, utakachokimwaga humu ndicho nitakachokiteka mimi."

Sikulala. Asubuhi tuliliacha shimo, tukajenga tangi la zege lililozibwa chini na ubavuni, na lori huja kulinyonya. Limenigharimu kuliko jiko zima, na sijutii hata shilingi.

Kisima nacho kina mambo yake. Huku kwetu karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukiyavuta kwa pampu kwa pupa, ya chumvi hupanda. Kwa hiyo maji ya ploti unayoitaka usiyaonje Juni, masika yameshibisha ardhi. Yaonje Machi, kaskazi inapomalizika, tena jioni watu wakishateka. Kwa akina mama yangu Lamu jambo hili hata watoto wanalijua: mji ule hunywa maji yaliyojihifadhi chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ndiyo maana mtu akitaka kujenga juu ya vilima vile wenyeji humjia juu.

Bustanini nilipanda mindimu miwili. Majani yakageuka manjano, vishipa vikabaki kijani. Nikadhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza samadi, hali ikawa ileile. Kumbe ardhi yenye chokaa nyingi huyafunga madini ya chuma, mti ukayakosa ilhali yapo. Bwana shamba mmoja alinifundisha kumwagia udongo siki kidogo. Ukatoa povu papo hapo! Jaribio la dakika moja, na mimi nilikuwa nimepoteza misimu miwili. Sasa mindimu iko kwenye mapipa yaliyokatwa, ndani nimejaza udongo mwekundu kutoka Magarini na mboji. Mwarobaini na mkwaju nimeiacha kwenye matumbawe, nayo inanawiri.

Ukipita Msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miguu ukitokea upande wa Gede utayaona haya yote wazi. Penye mchanga wa kijivu kuna mibambakofi na miti mchanganyiko, penye mchanga mweupe kuna miti ya mirihi, na ukifika kwenye udongo mwekundu msitu unakuwa kichaka kizito cha miti mingine kabisa. Nimepita kando ya msitu ule tangu utotoni, macho yangu barabarani.

Sasa mdogo wangu amepata robo eka ng'ambo ya daraja la mto Sabaki. Bei nzuri, udongo mweusi. Jumamosi tulikwenda, mimi na mtarimbo wangu, siki na chupa. Nyufa zilikuwa zinaingiza kiganja. Udongo ule hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na nyumba yenye msingi wa kubahatisha huenda nao. Kwa mahindi ni baraka, lakini yeye anataka kujenga. Tulichimba mahali patatu, maana shimo moja hudanganya. Kisha tukamwamkia mzee aliyekuwa anachunga mbuzi, tukamuuliza mafuriko ya El Niño ya 1997 yalifika wapi. Alitupeleka hadi kwenye mkwaju mmoja, akaweka mkono kwenye shina, usawa wa kifua chake. Mkwaju huo uko ndani ya mipaka ya ploti.

Udongo tuliutia chupani, tukaongeza maji, tukatikisa. Mchanga kidogo ulituama nikiwa bado nimeishika chupa. Leo ni siku ya tatu, iko dirishani jikoni kwake, na maji ya juu bado yana ukungu wa mfinyanzi. Dalali amepiga simu mara mbili. Mdogo wangu amemwambia asubiri.