Nilivyolipia diski tupu msimu mzima wa korosho

Ushauri wa kwanza nilipewa bure, na ndio ulionila hela kuliko mwingine wowote. Jamaa yangu wa Dar alinipigia akasema, "Kaka, wingu ni wingu tu. Kata diski kubwa, tupia kila kitu humo, kalale." Nikakata ya gigabaiti 500 huko kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu unazokodi kupitia mtandao.

Kazi yenyewe ilikuwa mfumo mdogo wa kumbukumbu za ghala la korosho hapa Mtwara. Karani anapima gunia, anapiga picha risiti ya mizani, anaingiza kilo. Msimu mzima picha hazikufika hata gigabaiti 20, lakini nililipia 500 zote, kama laki moja hivi kwa mwezi. Diski ya namna hii, wenyewe wanaiita ya bloku, ni shamba la kukodi: ulime usilime, kodi iko palepale. Nilipotaka kuipunguza nikakuta inakubali kuongezwa tu. Ukitaka ndogo, unafungua nyingine na kuhama na vyombo vyako.

Hasira zikanipeleka upande wa pili. Nikasoma kuhusu hifadhi ya obujekti, ambayo kila faili linakaa zima kama kitu kimoja chenye jina lake, kama ile S3 ambayo Amazon waliizindua mwaka 2006. Bei ya gigabaiti moja haifiki hata theluthi ya ile ya diski, tena nafasi unalipia uliyojaza tu. Nikajiona mjanja kuliko Dar nzima! Zipo programu zinazoifanya ile ndoo (ndivyo wanavyoiita) ionekane kama folda ya kawaida. Nikaiunganisha kwenye seva, ile kompyuta ya kukodi inayoendesha mfumo, na kwenye kompyuta ya ofisini. Picha nikahamisha, safi kabisa. Basi kichwa kikavimba, nikahamisha na faili la hifadhidata, lile lenye kilo zote zilizoingizwa.

Jumatatu yake malori yamepanga foleni, karani anabonyeza "hifadhi", kiduara kinazunguka mpaka anapata muda wa kunywa chai. Nikasema mtandao. Fundi akikwama lazima aseme mtandao. Jumanne mama mhasibu akaniita pembeni. "Mwanangu, jana nimeingiza gunia 212 kwa mkono wangu huu. Leo nakuta 190. Hizo 22 zimeliwa na panya wa kwenye kompyuta?" Nikacheka peke yangu. Nikazima seva, nikaiwasha, na hifadhidata ikagoma kufunguka kabisa. Usiku ule nilikaa juu ya gunia hadi saa tano, karani akinisomea daftari lake, mimi naingiza upya mstari kwa mstari. Akifika kwenye namba iliyolowa chai anasita, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeimwaga.

Kilichoniuma ni kwamba sisi watu wa Kusini tulitakiwa kuliona hili kabla ya wengine. Obujekti ni kama stakabadhi ghalani. Unakabidhi gunia limeshonwa, unapewa karatasi yenye namba, ila humu kwenye ndoo namba hiyo inakutolea gunia lilelile. Huruhusiwi kupenyeza mkono ubadili korosho tatu. Unalitoa lote, unalishona upya, unalirudisha. Sasa hifadhidata kazi yake ni kubadili korosho tatu kutwa nzima. Kila karani aliporekebisha kilo 85 ziwe 58, faili zima la megabaiti 90 lilipanda upya. Na ofisi ikipandisha nakala yake ya faili hilohilo dakika moja baadaye, la mwisho linafuta la kwanza. Gunia 22 zilikwenda hivyo. Hata zile folda ni kiinimacho: "2023/newala/risiti114" ni jina refu la kitu kimoja, hakuna chumba kinachoitwa Newala humo ndani.

Hifadhi ya mafaili, ile ya kabati moja linalofunguliwa na seva nyingi kwa wakati mmoja, niliiangalia bei nikafunga ukurasa. Nina seva moja, kabati la nini?

Sasa hivi hifadhidata imekaa kwenye diski ya gigabaiti 30, na nakala yake inaingia kwenye ndoo kila usiku. Ofisi inaingia kwa kivinjari kama watu wengine. Picha hazigusi seva kabisa: simu ya karani inapewa linki yenye sahihi, yaani ruhusa ya muda inayokufa baada ya dakika 10, na picha inakwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Kabla ya hapo simu inaipunguza kutoka megabaiti 4 hadi kilobaiti 300 hivi. Tarakimu za mizani zinasomeka vizuri tu, na bando la karani wa Tandahimba linapumua.

Bili ikawa bado ina kitambi nisichokielewa. Kumbe Ijumaa ofisi inapandisha skani za wiki nzima, faili kubwa linalokatwa vipande njiani. Mtandao ukikatika katikati, vipande vilivyofika vinabaki kwenye ndoo. Kwenye orodha huvioni, kwenye bili vimo. Nimeweka kanuni vifutwe vyenyewe baada ya siku 7. Iwekeni siku ileile mnayofungua ndoo, mimi niliichelewesha miezi minne.

Mama mhasibu ameanzisha daftari lake mwenyewe, lina jalada jekundu, analiweka juu ya printa. Kila asubuhi ananiuliza, "Panya wako wameamkaje?"