Arua hadi Mbarara kwa malori yanayorudi tupu

Arua na Mbarara, nchini Uganda, zilipewa hadhi ya jiji siku moja, 1 Julai 2020, lakini moja iko kaskazini-magharibi kabisa na nyingine kusini-magharibi. Lori la kukodi kati yake unalilipia kwenda na kurudi, kwa kuwa dereva hana uhakika wa mzigo wa kurudia. Mke wangu alipohamishiwa kazi Mbarara na ikabidi tuhamishe vyombo vya nyumba, ndiye aliyelikataa lori la kukodi. "Mzee, tafuta linalorudi tupu," aliniambia.

Yapo mengi. Malori yanayopeleka saruji na soda Arua hurudi Kampala yakiwa na nafasi. Yale ya matoke (ndizi za kupika) kutoka Ankole, eneo la Mbarara, hushusha sokoni Kampala alfajiri, kisha yanarudi hayana kitu. Basi tukalipia safari vipande viwili, na pa kubadilishia palikuwa soko la Kalerwe, Kampala. Soko hilo liko upande wa kaskazini wa mji: anayetoka Arua kwa Pakwach, Karuma na Luweero hulifikia kabla ya msongamano wa katikati, na Northern Bypass, barabara ya kuukwepa mji, iko jirani, ya kukutoa hadi Busega kwenye barabara ya Masaka.

Kubadilisha lori maana yake mzigo unapakiwa mara mbili na kushushwa mara mbili, na kila mara wapakizi wanataka chao. Bei yao tulipatana kwa mzigo wote kabla kamba haijafunguliwa. Wakikuhesabia kipande kwa kipande, hata ndoo tupu ni mzigo. Kitanda tulikifungua, bolti na nati zikatiwa kwenye soksi iliyofungwa kwenye ubao wa kichwani. Mtungi wa gesi ulisafiri wima, valvu imefungwa na regyuleta imetolewa. Friji nayo wima, imekazwa kwa kamba nyuma ya kabini. Ikilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha papo hapo unaweza kuiua. Yetu ililazwa Kalerwe na kijana mwenye haraka zake, ndiyo maana Mbarara tuliiacha imesimama hadi kesho yake ndipo tukaiwasha.

Jirani alitusihi tubebe magunia ya mkaa. Hapana. Tangu amri ya Rais ya 2023 dhidi ya biashara ya mkaa wa kaskazini, gunia juu ya lori linatosha kulisimamisha kwenye kizuizi, na dereva hatakushukuru. Unga wa muhogo tuliubeba. Huo haukuwa na mjadala.

Lori la matoke lina adha yake: utomvu. Sakafu ilikuwa imejaa majani ya migomba na vikonyo vya mikungu, na utomvu wa ndizi ukikaukia kwenye kitambaa huwa doa la kahawia lisilosikia sabuni. Tulifagia, tukatandika turubai moja chini na jingine tukaliweka la kufunikia. Godoro lilipanda mwisho, ndani ya nailoni, likiwa na mablanketi juu yake, maana usiku wa Mbarara si wa Arua.

Tulikuwa na barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, wa kule tulikotoka, yenye muhuri, na tuliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kipya jioni ile ile. Mgeni asiyejulikana kwa mwenyekiti hupata taabu ndogo ndogo zisizokwisha.

Nyumba ilitafutwa na dalali, kodi ya miezi mitatu mbele. Kabla ya kuitoa hiyo kodi, cha kupima ni mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba ikikaa tupu, ada ya kila mwezi huendelea kujikusanya, na deni la mpangaji aliyetangulia hubaki kwenye namba ya mita, halimfuati aliyehama. Tulinunua umeme wa shilingi 20,000 mwenye nyumba akiwa pale pale. Risiti ilionyesha sehemu kubwa imemezwa na ada zilizolala, yuniti zikaja kiduchu. Hakubisha, kiasi hicho alikipunguza kwenye kodi ya mwezi wa kwanza.